Barua Pepe Nzito za Maman Eulalie

Eulalie Nsimire hakujua kukaa. Hata kanisani, padri akirefusha mahubiri kidogo, vidole vyake vilianza kukunja na kukunjua pembe ya kitenge mpaka mumewe, Placide, amwekee mkono juu ya goti. Maisha yake yote alikuwa mkunga, halafu mwalimu wa wakunga hapa Bukavu, na wanafunzi wake walimwita Madame Upesi. Walianza kumwita hivyo nyuma ya mgongo wake. Siku alipogundua alicheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo wakamwita hivyo mbele yake.

"Mutoto hangojaka mutu," aliwaambia darasani huku akipiga makofi. "Akisema anakuya, anakuya."

Kisha akastaafu. Walimfanyia sherehe, wakaimba, wakapiga picha, na Jumatatu iliyofuata akaamka alfajiri kama kawaida, akavaa, akachukua mkoba, akafika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba hakuna anakokwenda. Nyumba yao iko Nguba, juu kidogo ya barabara, na dirisha la sebule linatazama ziwa. Wageni walimwambia: maman, hapa utapumzika vizuri. Eulalie alilitazama ziwa siku mbili, likamchosha. Akahamisha makabati. Akapanda lenga-lenga, ule mchicha wa huku, nyuma ya jiko, akaona mistari haikunyooka, akaing'oa yote na kuipanda upya. Akaenda kwa jirani kumfundisha namna ya kumshika mtoto wakati wa kunyonyesha, na jirani, aliyekuwa na mtoto wa tano, akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

Kilichomwokoa ni barua pepe.

Aliyeanza kumwandikia ni Merveille, mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa amepelekwa kwenye kituo cha afya huko Luhwindja, milimani, upande wa machimbo ya dhahabu. Kule simu ilishika siku moja na kukatika tatu. Lakini shirika moja lililowahi kusaidia kituo kile lilikuwa limeacha sahani ya setilaiti juu ya paa, na sahani ile, kwa kubana matumizi, ilipitisha barua pepe tu. Merveille akauliza swali moja kuhusu mama aliyechelewa kujifungua. Eulalie akajibu kwa kurasa mbili. Merveille akawaambia wenzake, na baada ya muda barua zikawa zinatoka pande nyingi: Mwenga, Walungu, tambarare ya Ruzizi. Zote zilianza hivi: Maman Eulalie, nifanye nini?

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alikaa mbele ya kompyuta ya mezani kule kwenye pembe ya sebule. Ilikuwa mashine ya zamani ya Placide, aliyokuwa ameandikia masomo yake ya historia alipokuwa bado anafundisha chuo kikuu. Na hapo ndipo Eulalie alipopata adui mpya.

Ile programu ya barua pepe ilikuwa nzito. Mwanzoni ilichelewa kidogo tu kufunguka. Kisha ikawa anaibonyeza, anaenda kuweka maji motoni, anarudi, na kile kiduara bado kinazunguka. Akiandika, herufi zilibaki nyuma ya vidole. Alimaliza sentensi, akanyanyuka kutazama chungu cha maharagwe, akarudi kuyakuta maneno yake yakijitokeza kwenye skrini moja moja, kama watu wanaotoka misani bila haraka.

"Placide, hii mashine inanichezea," alisema kila siku.

"Inazeeka, kama sisi," Placide alijibu kila siku.

Alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa, Placide. Hata yai la kuchemsha alilimenya kwa utaratibu, ganda lote upande mmoja wa sahani. Watu waliwashangaa wakiwaona wanatembea pamoja, mke mbele hatua kadhaa, mume nyuma, na mazungumzo yanaendelea.

Jumatano moja ya majira ya mvua Merveille aliandika. Alikuwa na mama mmoja kituoni, mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Tangu juma lililopita shinikizo la damu lilikuwa linapanda, na miguu imevimba. Barabara ya kwenda hospitali kubwa ilikuwa imefungwa. Mlima ulikuwa umeporomoka baada ya mvua, na magari yalisimama pande zote mbili. Eulalie akajibu palepale: "Umulaze hapo hapo. Asirudi nyumbani. Kesho asubuhi pima tena, uniandikie mbio. Uniambie kama kichwa kinamuuma na kama anaona vizuri."

Alhamisi aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Alifungua kompyuta, akafungua programu, akangoja. Kiduara. Akaenda kupika chai, akarudi. Dirisha la programu lilikuwa limefunguka nusu, jeupe, halina kitu, na juu yake maneno yanayosema kwamba programu haijibu. Akabonyeza. Akabonyeza tena, na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

"Ukigonga sana njo itakawia zaidi," alisema Placide kutoka kwenye kiti chake.

"Sasa nifanye nini? Ninyamaze?"

"Ngoja imalize kufunguka."

"Nimengoja tangu nilipoamuka!"

Ilipofunguka mwishowe, sanduku la barua lilionyesha zile za jana. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, programu ilidai kwamba inapakua ujumbe. Iliendelea kudai hivyo chai ikapoa. Eulalie akaamini tatizo ni mtandao. Akakichukua kile kisanduku cha intaneti, akakiweka dirishani. Akakihamishia juu ya kabati. Akasimama katikati ya sebule akikiinua juu kwa mkono mmoja, na Placide akashusha gazeti lake.

"Unabariki nyumba?"

"Usinichekeshe, Placide. Kule kuna mama anaumwa."

Hapo Placide akavua miwani. Hakuwa amejua. Akauliza habari za yule mama, Eulalie akamweleza kwa maneno machache huku akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na Placide akasema, "Tumpigie Hugues."

Hugues alikuwa fundi wa kompyuta wa chuo, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Placide alipompigia, spika ikiwa wazi, alipokea kwa sauti ya chini sana. Alikuwa kwenye matanga, Bagira, na nyuma yake walisikika wanawake wakiimba.

"Muko na internet?" akauliza. "Habari, picha, vitu vingine vinafunguka?"

Placide akajaribu kwenye kompyuta ileile. Ukurasa wa habari ukafunguka.

"Vinafunguka."

"Basi connexion haina makosa. Programme njo iko na shida. Maman afungue boîte yake ya barua kwa telefone, bila kupita mu programme. Aweke adresse na mot de passe, ataona kama barua zimeshafika."

"Mot de passe," Eulalie akasema, na miguu yake ikasimama. Nywila hakuwa nayo. Aliiweka mara moja tu, zamani, na tangu siku ile programu ilikuwa inaikumbuka kwa niaba yake.

"Iko mule ndani," Hugues akasema. "Tafuta kwenye paramètres, mipangilio ya programme, sehemu ya usalama, kuna mot de passe zilizohifadhiwa. Mzee, wanaleta jeneza. Nitawapigia."

Placide akaketi mbele ya kompyuta, Eulalie akasimama nyuma yake, akishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Kila alipobonyeza, walingoja. Placide alisoma kila kitu kilichoandikwa, hata visivyohusika, midomo yake ikicheza. Mwishowe ikajitokeza nywila: Luvungi, na tarakimu mbili. Ni kijiji alikozaliwa Eulalie, huko tambarare, baba yake akilima mpunga na mihogo. Hakuwa na nafasi ya kushangaa. Akaiandika kwenye simu kwa kidole gumba.

Sanduku likafunguka mara moja, kabla hajapumua.

Barua za Merveille zilikuwa juu kabisa, mbili. Ya kwanza ilikuwa imefika wakati ule alipokuwa anapika chai. Eulalie akaishika simu mbali na macho, maana miwani ilikuwa imebaki jikoni.

"Maman, tension ya damu imepanda sana, vipimo naandika hapa chini. Kichwa kinamuuma tangu usiku."

Ya pili ilikuwa imefuata baadaye kidogo.

"Maman, uko? Anasema anaona mwanga mwanga mbele ya macho. Umeme wa hapa unakwisha. Nakungoja kidogo."

Nje jua lilikuwa limeshapanda juu ya ziwa. Saa zote zile, alipokuwa anabonyeza na kuhamisha kisanduku, barua zilikuwa pale zimekaa, mlangoni, na kompyuta haikumfungulia.

Alijibu akiwa amesimama. Kidole chake kilikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Mpe magnésium ya kuzuia kifafa cha mimba, kipimo kile tulichojifunza, usiogope. Mpe dawa ya kushusha presha. Usingoje barabara. Mtoto atoke leo, anzisha uchungu, usimwache peke yake hata dakika. Akatuma. Ukurasa ukamwambia ujumbe umekwenda.

Kisha hakuna kilichotokea. Simu ya Merveille haikupatikana. Sauti ya kike ilimwambia hivyo kwa Kifaransa, kisha kwa Kilingala. Eulalie akapiga tena. Akaenda jikoni, akasahau alichofuata. Akarudi.

"Keti kidogo," Placide akasema.

"Nikiketi nitapasuka."

"Utafanya nini basi?"

Akaitazama ile kompyuta, na Placide akaona uso wake unabadilika, kama alivyokuwa akibadilika zamani alipoitwa usiku kwenda wodini.

"Tutengeneze hii kitu. Leo. Sasa hivi."

"Barua utazisoma kwa telefone."

"Sioni kwa telefone! Herufi ni kama mayai ya chawa. Na kesho mwingine ataniandikia. Twende, Placide."

Wakaketi wote wawili, yaani Placide aliketi. Alikuwa na njia yake, ileile aliyotumia kwa kila kitu: badilisha kitu kimoja, jaribu, tazama, ndipo uende kwenye kingine. Eulalie alitaka kubadilisha vyote kwa mpigo.

"Zima hii, na hii, na ile."

"Tukizima vyote, tutajuaje mwenye makosa ni nani?"

"Sitaki kujua makosa ni ya nani. Nataka ikimbie."

"Mutu akija na homa, unampa dawa zote za pharmacie?"

Eulalie akaenda kutazama simu. Hakukuwa na kitu.

Placide akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi kichinichini. Akakuta kompyuta ina walinzi wawili wa kuzuia virusi. Mmoja alikuja na mashine. Wa pili Placide alimweka mwenyewe miaka ile, baada ya kupoteza sura nzima ya kitabu chake kwa sababu ya flashi ya USB aliyokopeshwa. Kila barua iliyoingia, mlinzi wa kwanza aliifungua na kuikagua toka kichwa hadi mguu, kisha wa pili akaifungua na kuikagua upya, na wakati mwingine wote wawili waliishika kwa pamoja, kila mmoja akimngoja mwenzake aachie.

"Ni kama barrière mbili za askari kwenye barabara moja," Placide akasema, karibu kwa furaha. Akamwondoa wa pili. Akawasha mashine upya. Programu ikafunguka haraka kuliko jana, lakini bado ilisuasua kwenye sanduku la barua.

Eulalie alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba. Placide alimwona dirishani akianua nguo ambazo hazijakauka. Akarudi nazo mabegani.

"Imepona?"

"Nusu."

Placide akatazama ukubwa wa sanduku la barua, akaangalia mara ya pili kwa sababu hakuamini. Akaanza kufungua barua za zamani, na kila moja ilikuwa na picha ya mtoto mchanga. Watoto wa Mwenga, watoto wa Kaziba, watoto waliofungwa kwenye vitenge, wanaolala, wanaolia, mapacha kwenye beseni. Wakunga waliokuwa wameuliza swali walimtumia picha baada ya jibu, picha kubwa kama zinavyotoka kwenye simu za siku hizi, na Eulalie hakuwahi kufuta hata moja. Alichofuta kilikuwa matangazo na barua za mikutano, tena kwa maelfu, lakini hata hizo zilikuwa bado zimo. Programu ile, Placide alisoma kwenye ukurasa wa msaada, haitupi kitu ukikifuta. Inakifichaficha tu mpaka uiamuru ibane folda.

"Kwa hiyo kila asubuhi inabeba vyote," Eulalie akasema.

"Vyote. Na takataka zake."

"Watoto usifute."

"Sigusi watoto. Nabana tu."

Akabonyeza amri ya kubana. Mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutambaa chini ya skrini. Placide akamwambia jambo moja tu: usiguse mpaka umalize. Kisha akaenda chooni, maana na yeye ni mzee.

Mstari ulifika katikati ukasimama. Eulalie akautazama. Akatazama simu. Akautazama mstari. Mvua ilikuwa imeanza kuchonyota juu ya bati, na alimwona yule mama wa Luhwindja asiyemjua sura, amelala ubavu wa kushoto, macho yamefunikwa kwa kitambaa kwa sababu ya mwanga. Umeme ukapungua, taa ikawa nyekundu kama kaa, na betri iliyo chini ya meza ikaanza kulia pii, pii, pii. Mstari haukusogea. Barua mpya ikiingia sasa, itapitia wapi? Akanyoosha mkono akaifunga programu. Ilipokataa, akakishika kitufe cha kompyuta mpaka skrini ikawa nyeusi.

Placide alikuta giza.

"Ulifanya nini?"

"Ilikuwa imekwama."

"Eulalie."

"Ilikuwa imekwama, Placide, haikutembea!"

Waliiwasha upya. Programu ikafunguka upesi ajabu. Sanduku la barua lilikuwa tupu. Hakuna barua, hakuna mtoto hata mmoja. Ukurasa mweupe, safi, kama siku ilipotoka dukani.

Eulalie akaketi. Aliketi sakafuni, palepale kando ya meza, na hakulia kwa sauti. Machozi yalitiririka tu akiyaacha. Placide alimwoa akiwa msichana na hakuwahi kumwona ameketi sakafuni mchana. Akashuka naye, polepole, akishika ukingo wa meza, magoti yakilalamika.

"Yule mama wa Luhwindja anakufa," Eulalie akasema, "na miye nacheza na mashine."

"Hujui kama anakufa."

"Merveille aliniuliza kama niko. Sikuweko."

Mvua ikazidi. Placide akangoja. Kungoja alikujua.

"Kule Luvungi," akasema baadaye, "ulipoanza kazi, kabla hatujaonana. Ulikuwa peke yako katika ile dispensaire. Mama akipata hivi, ulikuwa unamuuliza nani?"

Eulalie akafikiri. Aliviona vyote: bomba la maji nje, taa ya mafuta, mwanamke wa kwanza aliyemtetemekea mikononi, na yeye ana umri wa miaka ishirini na kitu, ameshika kichwa cha yule mwanamke asijiume ulimi.

"Hakukuwa mutu wa kuuliza."

"Ulifanya nini?"

"Nilifanya. Nilikuwa nafanya tu."

"Haya," Placide akasema. Akajiinua, akaketi tena mbele ya skrini. Alitaka kulitazama faili lenyewe, pale linapokaa ndani ya kompyuta, siyo pale programu inapolionyesha. Akalitafuta kwa utaratibu wake, folda ndani ya folda, na Eulalie, kutoka sakafuni, alisikia kipanya kikibonyeza, kikipumzika, kikibonyeza. Kisha akasikia Placide akicheka kidogo puani.

"Liko hapa. Lina uzito uleule. Hakuna kilichopotea. Programu imepoteza tu njia ya kulisoma."

Kulikuwa na amri ya kutengeneza folda upya. Akaibonyeza, na safari hii alimshika mkewe mkono wa kulia akausimamisha juu ya meza, chini ya mkono wake, kama kanisani. Walitazama pamoja. Barua zikaanza kurudi, kumi kumi, mia mia, za zamani kwanza. Zilizofutwa nazo zikarudi, mikutano ya miaka iliyokufa, na watoto, watoto wote. Placide hakumwachia mkono mpaka mwisho. Kisha wakafuta takataka, wakabana tena, umeme ukiwa umetulia, na mstari wa kijani ukasimama katikati palepale uliposimama mwanzo, ukakaa, ukakaa sana, kisha ukaendelea na kumaliza.

"Unaona," Placide akasema.

"Nyamaza," Eulalie akasema, lakini hakuwa na hasira.

Usiku, walipokuwa wanakula bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, kompyuta ikalia kengele ndogo ambayo walikuwa wameisahau, kwa kuwa haikuwahi kulia kwa wakati wake. Eulalie alifika kabla kengele haijaisha. Barua ilifunguka palepale alipoigusa.

"Maman Eulalie, umeme umerudi sasa hivi njo naona jibu lako. Asante. Nilikungoja kidogo asubuhi, kisha nikaacha kungoja. Nilimpa magnésium mara moja, na dawa ya presha, nikaanzisha uchungu. Amezaa mutoto mwanamuke, mudogo lakini analia vizuri. Mama anakojoa, presha imeshuka kidogo, bado namukalia pembeni. Barabara ikifunguka nitamupeleka wamuangalie. Merveille."

Aliisoma kwa sauti. Placide akafanya ishara ya msalaba kwa mkono ulio na bugali. Eulalie akaisoma tena, kimya, kisha akaanza kutembea: dirishani, mlangoni, dirishani.

"Juu ya nini hufurahi?" Placide akauliza.

"Nafurahi."

"Unatembea."

"Nafurahi nikitembea."

Lakini alipofika dirishani mara ya tatu, alisimama, akaweka paji la uso kwenye kioo. Nikaacha kungoja. Aliyekuwa amemfundisha hivyo ni yeye. Alirudia maneno yale moyoni akitafuta mahali panapouma, kama anavyotafuta mkunga kwa vidole, na hakupata jeraha, alipata nafasi tu, kubwa, pale ambapo asubuhi kulikuwa na kitu.

Asubuhi iliyofuata programu ilifunguka kwa kubonyeza mara moja. Kulikuwa na tangazo la viatu. Siku iliyofuata vilevile. Kompyuta ilikuwa ya upesi kiasi kwamba hapakuwa na muda hata wa kuweka maji motoni, na Eulalie alikaa mbele yake mikono mapajani, ametengenezewa njia safi isiyopita mtu. Alimwandikia Merveille, akauliza hali. Akajibiwa kwa mistari miwili. Wanaendelea vizuri. Kazi ni nyingi.

Habari ilipokuja kwamba barabara imefunguliwa, alipata nafasi kwenye gari la dawa lililokuwa linapanda milimani. Placide alimfungia mkate na ndizi. Hakumwuliza anakwenda kufanya nini. Alimwuliza tu kama amechukua koti, maana Luhwindja kuna baridi. Gari lilikwenda kwa kusukasuka, likipita pale mlima ulipoporomoka, udongo mwekundu umekatwa kama keki pande zote mbili, wanaume wenye sepeto wakiegemea mawe.

Kituo kilikuwa kidogo kuliko alivyokifikiria. Merveille alikuwa amenenepa kidogo, ana nywele fupi, na mikono yake ilikuwa kazini.

"Eh, Maman!" akasema, uso wake ukafunguka wote. "Sikujua unakuya! Ngoja kidogo pale, niko na mama wa kusukuma."

Na mlango ukafungwa. Eulalie akabaki kwenye korido. Alisikia sauti ya Merveille ndani, ya chini, isiyo na haraka, ikimwambia mtu apumue. Akaweka mkono kwenye kitasa. Akauondoa.

Chumba cha jirani kilikuwa na vitanda vinne, na kwenye kimoja alilala msichana mwembamba, miguu bado imevimba kidogo, na pembeni yake fungu dogo la kitenge lililokuwa linakoroma. Walikuwa wamekwisha kumshusha hospitali na kumrudisha, wakasema hali ni nzuri, akae siku chache. Eulalie alisoma karatasi iliyobandikwa kitandani, akajua ni nani. Msichana akamtazama mgeni huyu mwenye koti na viatu vya mjini.

"Maman, unatafuta mutu?"

"Hapana," Eulalie akasema. "Nimekuja kuwasalimia tu."

"Karibu. Unaweza kunipa ile kikombe? Nashindwa kuifikia."

Eulalie akampa kikombe. Maji yalikuwa yamekwisha, akaenda kuyatafuta nje, akayapata kwa shida, akarudi. Mtoto alikuwa ameamka na kuanza kukunja uso. Eulalie alinyoosha mikono, akajizuia, akauliza kwanza.

"Nimushike?"

"Mushike," msichana akasema, akinywa.

Akamshika. Alikuwa mwepesi sana, na alikuwa na nguvu. Ng'ambo ya ukuta mwanamke mwingine alipiga kelele, na Merveille akasema jambo ambalo Eulalie hakulisikia vizuri. Akaanza kutembea na mtoto, kutoka kitanda cha kwanza hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kitanda cha kwanza.